Habari za Mama Kutoka Bwawani

Kambi ya Bwawa la Vaalkuil, Karoo
16 Machi 2025

Dada Félicité,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama huko orofa ya tisa. Mimi ni mzima, ila joto la huku linataka kunimaliza. Usijichoshe kunitafuta kwenye simu. Huku mtandao haupo mpaka uende mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari, na simu ya ofisi imekufa kwa sababu wezi wamekata nyaya tena. Kwa hiyo turudie mambo ya wazee, tuandikiane. Gilbert, yule Mtanzania wa malori ya Clairwood huko Durban, hupita barabara kuu kila wiki. Barua anaziacha kwenye duka la njia panda, na gari letu la mkate linazichukua hapo.

Mwambie Mama kwamba ziwa lipo kweli, sikumdanganya. Unatembea jangwani, mawe mekundu na miiba mitupu, mpaka unasema hapa hata mbuzi angelia, halafu unapanda kilima kidogo na maji haya hapa, mengi, ya buluu. Zamani walifunga mto kwa ukuta. Sasa watu wanakuja kutoka mbali na mashua zao kwenye trela, na mahema, na majokofu, na viti vya kukunja, wanakaa wiki nzima wakivua. Na unajua chambo chao ni nini? Ugali! Wanaupika, wanaukanda na vanila, wanatengeneza vidonge. Samaki akinaswa wanampima, wanampiga picha, wengine hata kumbusu wanambusu, kisha wanamrudisha majini. Usimsomee Mama sehemu hii kabla hajala.

Mimi ndiye mtu wa mashua hapa. Asubuhi nazishusha majini, na upepo wa alasiri ukianza nazitoa. Mwambie akija nitampandisha nimzungushe mpaka kwenye ukuta, akae mbele kama mke wa gavana.

Mdogo wako,
Prodige


Albert Park, Durban
23 Machi 2025

Prodige mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Mama yote, na ya samaki kurudishwa nilimsomea pia, maana mimi si mtu wa kuficha. Akasema: "Mutu anashika samaki, anamuachilia? Hiyo iko michezo ya mutu mwenye hajawai kulala njaa." Unamjua, mtu aliyeuza samaki Uvira, kando ya ziwa letu, miaka yote ile akiwabeba kwa kichwa chake mwenyewe. Na ya mahema ilimchekesha mpaka akakohoa. "Siye tulilala mu mahema ya wakimbizi tukilia, hawa banalipa!" Jioni nzima alikuwa anairudia kwa kila aliyebisha hodi.

Lakini tangu barua ile hana utulivu. Unajua bahari hajaipenda hata siku moja. Nilimpeleka mara moja tu ufukweni, akaonja, akatema, akasema haya si maji, haya ni mchuzi ulioharibika. Sasa kila asubuhi ananiuliza, Prodige anakuja lini kunichukua nione maji ya kunywa. Kila asubuhi, Prodige. Mimi naondoka kwenda saluni naye yuko dirishani anaangalia upande wa barabara ya malori.

Lifti imekufa tangu Januari, na miguu yake inavimba. Nasema ni hizo ngazi. Andika siku utakayokuja, andika tarehe, ili nipate cha kumjibu.

Dada yako,
Félicité


Vaalkuil
31 Machi 2025

Dada,

Kuja kwa Mama si jambo la haraka hivyo. Barabara ni ndefu, vumbi ni jingi, na huku usiku baridi imeanza. Halafu Pasaka hiyo inakaribia. Wageni wa Pasaka hapa si mchezo, kila sehemu ya hema imeshakodiwa, na bosi ametuambia hakuna mtu kuondoka. Ngoja Pasaka ipite, watu wapungue, ndipo nije nimchukue kwa utulivu.

Kuhusu mashua, mwambie zipo, hazikimbii. Tutaona.

Nimemkaushia kambare wawili kwa chumvi, Gilbert atawaleta. Hawa walinaswa na mzee mmoja ambaye hakuwa na moyo wa kubusu.

Mwambie asikae dirishani, baridi itampata mgongoni.

Prodige


Albert Park
9 Aprili 2025

Prodige,

Mama anaumwa kidogo. Si jambo la kukutisha. Ila ukipata barua hii omba ruhusa uje, usingoje Pasaka. Mengine tutaongea ukifika.

Njoo na koti zito, na usile vibaya njiani. Mungu yupo.

Félicité


Vaalkuil
16 Aprili 2025

Dada yangu Félicité,

Nimeelewa. Asante kwa kujaribu kunilinda, lakini mimi si mtoto.

Papa alipofariki, mlinitumia ujumbe huo huo Bujumbura: Papa anaumwa kidogo, njoo, mengine ukifika. Nami mjinga nikanunua machungwa. Nilivuka mpaka na mfuko mzima wa machungwa, nikaingia uani, nikakuta viti vimepangwa na wanawake wamefunga viuno. Watu walinipokea mfuko mikononi na hakuna aliyejua auweke wapi. Kwetu hakuna mtu anayeumwa kidogo, dada. Anayeumwa kidogo haandikiwi barua. Nilipoona maneno yako, "mengine tutaongea ukifika", nilikaa chini pale pale kwenye gati, na mashua iliyokuwa mkononi mwangu ikaondoka na kamba yake.

Bosi nimemwambia mama yangu amekufa. Alinipa mkono, akasema pole, lakini akasema niende baada ya Jumatatu ya Pasaka, hana mtu mwingine wa kushusha mashua. Nilikubali. Usikasirike. Nilifikiri, maiti hana haraka. Nawajua watu wetu wa Durban: mpaka kanisa likutane, mpaka ndugu wa Johannesburg wafike, mpaka wabishane makaburi yapi, wiki mbili zinapita. Kama angekuwa hai ningekuja kwa miguu.

Jacques, Mkongomani mwenzangu wa hapa, amenyoa kichwa changu kwa wembe. Tumekaa matanga wawili tu, mimi na yeye, nyuma ya banda la injini. Familia moja ya Kihindi ya Overport, wanaopiga kambi hapa kila Pasaka, walisikia wakatuletea sufuria ya biriani, wakakaa nasi kwenye mchanga. Nililia mbele yao bila aibu.

Nina haja mbili. Mumvike kile kitenge cha kijani. Na mchungaji asisimame kusema alikuwa mama mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mkali, alinichapa mbele ya wachumba, na hakuna mtu duniani aliyenipenda kama yeye.

Halafu nikuambie, maana sasa haina tena faida kuficha. Mimi siendeshi mashua, dada. Ninaziosha na kuzisukuma tu. Kubeba mtu kunataka cheti cha nahodha, na mimi sina. Ndiyo maana nilikuwa nasema ngoja Pasaka. Niliona aibu aje anikute na brashi na ndoo, baada ya yote niliyojisifia. Nilimnyima ziwa kwa sababu ya aibu yangu. Nitaishi nayo.

Prodige


Albert Park
22 Aprili 2025

Shikamoo Kaka Prodige,

Ni mimi Irene, Mtanzania wa mlango wa pili. Gilbert hakusafiri siku za Pasaka, kwa hiyo barua yako imefika leo. Dada Félicité alikuwa saluni, Mama akanipa mimi nimsomee. Nilifika pale ulipomwambia bosi mama yako amekufa, nikaanza kulia. Akasema endelea. Sasa ameniamuru niandike maneno yake kama yanavyotoka, nisimtengenezee Kiswahili. Haya ni yake:

Prodige. Ni miye. Sijakufa.

Irene alisoma barua yako, akaanza kulia, nikamwambia weye soma tu, hii iko matanga yangu, sitaki nikose kitu. Nimesikia yote. Nimesikia mpaka ya biriani. Hao bantu ba Overport bako na roho, ubarudishie sufuria yao safi.

Nani hakuwa mupole? Ngoja ukuje.

Sasa sikiliza. Ugonjwa iko. Félicité aliandika kidogo sababu ni miye nilimukataza kuandika mingi. Nilisema usimutishe mutoto, ataacha kazi. Lakini roho yangu imechoka, maji inajaa mu kifua, usiku nalala nikiwa nimeikala, mito nyuma ya mugongo. Docteur alisema na anglais, ile Kiingereza yabo. Miye sijui anglais, lakini nilikuwa naangalia sura ya Félicité, nikaelewa yote. Ni hivyo. Kosa ni ya siye batatu, usilibebe peke yako.

Ya mashua sasa. Nani alikuambia miye nataka nahodha? Nilipanda mashua za bantu tangu nikiwa kasichana, sijauliza mutu cheti hata siku moja. Na ndoo na brashi ni nini? Miye nilipara samaki mbele ya muji muzima, na ndiyo ilikusomesha. Nataka mutoto yangu, na nataka maji ya kunywa. Basi.

Banasema mutu akililiwa mapema anaishi sana. Sijui. Usingoje tujue. Kukuja.

Mama yako

(Kaka, amesema nisiandike kwamba analia, lakini analia. Irene.)


Albert Park
4 Mei 2025

Prodige,

Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu. Natumai mlifika. Gilbert amenipigia simu akasema aliwashusha salama njia panda, na kwamba Mama njia nzima alikuwa anamfundisha kuendesha lori.

Siwezi kusema nimekubali. Ulipoingia mlangoni na barua ya Mama mfukoni na kile kichwa chako kinachong'aa, na Mama akakishika kwa mikono miwili akakigeuza kama anayechagua boga, mimi pia nilicheka. Siku zile chache zilikuwa nzuri. Lakini kumwondoa! Mgonjwa wa moyo kumpakia kwenye lori kwenda jangwani? Nilisema hapana mara tatu, Mama akasema ndiyo mara moja, na wewe ukamfuata yeye. Sikuzote ni hivyo. Ninayepanda ngazi na dawa ni mimi, anayengojewa dirishani ni wewe. Nimeisema sasa, haya.

Na asubuhi ile sikushuka kuwaaga. Gilbert alipombeba mgongoni kushuka orofa zote tisa, mimi nilikuwa jikoni, nikijifanya naosha sahani. Nilikuwa na hasira. Nilisikia sauti yake mpaka orofa ya sita hivi, anamwambia Gilbert aangalie miguu, halafu sikuisikia tena. Tangu Alhamisi nasikia tu ile sauti ikishuka.

Tarehe kumi na mbili hospitali inamtaka. Mrudishe kabla ya hapo. Dawa za asubuhi ni zile za kopo jeupe, usimpe kabla hajala, na chumvi hapana, hata akikutukana.

Na kitu kimoja nakuomba. Kukiwa na neno lolote, liandike kama lilivyo. Usinifanyie nilivyokufanyia.

Félicité


Vaalkuil
8 Mei 2025

Dada yangu Félicité,

Mama amefariki. Ni leo Alhamisi, asubuhi, akiwa hemani, kabla jua halijachomoza. Nimeiandika mwanzoni ili usiitafute chini.

Gilbert atakuletea barua hii mkononi. Anarudi Durban leo na lori, na nimemwambia asiseme kitu mpaka uwe umeisoma na umekaa. Kama unaisoma umesimama, kaa, dada. Irene nadhani yuko karibu, muite.

Jacques ni mtu wa adabu, na adabu yetu unaijua. Aliniambia: "Muandikie dada yako mama iko mugonjwa, akuje. Banafanyaka hivyo." Najua kwa nini wazee walifanya hivyo, ni ili msafiri asianguke njiani. Lakini mimi nilililia mtu aliye hai na nikamwacha akiningoja, kwa sababu sote tulifuata adabu. Ningeweza pia kwenda mjini nikupigie simu. Nilipanda gari nikafika mpaka getini, nikashuka. Kwenye simu ningeogopa sauti yako na ningesema anaumwa. Kwenye karatasi siwezi kukusikia, kwa hiyo nasema kweli.

Sasa nikuambie siku zake, uwe nazo.

Wafanyakazi hatuna ruhusa ya wageni kwenye vyumba vyetu, kwa hiyo nilikodi nafasi ya hema kama wanavyofanya wageni. Aliingia akagusa kitambaa, akaangalia zipu, akalala juu ya godoro la upepo akasema: "Kumbe hema ni mbaya tu kama haukuchagua." Alilala amekaa, na mito nyuma. Kila jioni alitoka nje kwenye kiti cha kukunja akawasalimia wavuvi kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kiafrikana, na walielewana vizuri kuliko mimi na bosi.

Jumanne nilimpeleka majini. Sikuvunja sheria, usihofu. Nilimvisha jaketi okozi, akaniuliza kama nataka kumfunga kamba pia. Nikamketisha ndani ya mashua ikiwa bado kwenye trela, nikairudisha trela nyuma polepole mpaka mashua ikaelea, nami nikasimama majini hadi kifuani nikiwa nimeshika kamba. Haikwenda popote, dada. Ilielea tu pale kando ya gati. Alitumbukiza mkono, akachota, akanywa. Nikamuuliza, je? Akasema: "Haiko tamu sawa ya kwetu. Lakini inanyweka." Akanywa tena. Akajimwagia usoni. Tulikaa pale mpaka mimi nikaanza kutetemeka, na yeye hakutaka kutoka.

Pale pale mwanamume mmoja alinasa kambare mkubwa akawa anamgeuza arudi majini. Mama alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu soko la Uvira: "Mulete hapa!" Yule bwana hakuelewa neno lakini alielewa mkono. Alimleta. Nilimpika bila chumvi, kama ulivyosema, na alinitukana, kama ulivyosema.

Barua yako ilifika jana. Nilimsomea yote, hata mahali uliposema wewe ndiye unayepanda ngazi. Alitikisa kichwa akasema ni kweli, na kwamba amewahi kukuambia asante mara chache kuliko inavyostahili. Nilipofika pale ulipoandika habari ya jikoni alinishika mkono nisisome kwanza. Akasema: "Félicité alikuwa anaosha sahani zenye zilishakuwa safi. Nilisikia. Mutu hawezi kuosha sahani mbili muda yote ile." Akacheka, dada. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Aliniambia nikuandikie kwamba aliaga kwa sauti kubwa kwenye ngazi makusudi, ili uweze kumsikia kutoka jikoni.

Usiku alipumua kwa shida. Jacques alikwenda kumwamsha bosi, na bosi mwenyewe akachukua gari kwenda kumleta daktari mjini. Walipofika alikuwa ameondoka. Nilikuwa nimemshika mgongoni ili akae wima. Hakusema neno la mwisho, usije ukaambiwa alisema. Alipumua, kisha hakupumua.

Yuko mjini, katika chumba cha maiti cha hospitali. Hajavishwa, hajazikwa, hakuna atakayemgusa mpaka ufike. Nimesaini mimi, hapa hapa kambini walipokuja kumchukua, na nimewaambia kuna binti yake njiani. Chukua kile kitenge cha kijani kabatini. Tutaamua pamoja kama alale huku au arudi Durban, mimi sitaamua kabla yako.

Gilbert amesema lori likishashusha mzigo Clairwood atageuka usiku huo huo, na kiti cha mbele ni chako. Lia hapo nyumbani kwanza kadiri unavyotaka. Na barabara ni ndefu, kwa hiyo nimemwomba asimamishe lori kila utakapotaka kulia, naye amesema atasimama.

Mdogo wako,
Prodige